Jina la Mpemba katika fizikia ya kwanta

Erasto Mpemba na Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam, walipochapisha makala yao mwaka 1969, jambo lililojadiliwa lilikuwa maziwa na maji ya moto ndani ya friza. Leo jina la Mpemba limo kwenye majarida ya fizikia ya kwanta, ambako kinachopoa ni atomu moja iliyoshikwa kwa leza, au elektroni iliyofungiwa ndani ya chembe ndogo ya semikondakta. Mwaka 2021 Federico Carollo, Antonio Lasanta na Igor Lesanovsky walionyesha kwa hesabu kwamba mfumo wa kwanta ulioguswa na mazingira unaweza kufika kwenye utulivu wake haraka mno ikiwa hali yake ya mwanzo itageuzwa kwa namna fulani, na wakaliita jambo hilo kwa jina la Mtanzania huyu. Tangu hapo makala zimefuatana.

Nyuma ya makala hizo kuna swali moja pana. Una kitu kidogo kinachofuata kanuni za kwanta. Kimezungukwa na vitu vingi visivyohesabika: mitikisiko ya fuwele, mwanga uliotapakaa, molekuli za protini, nyaya za umeme. Utakokotoaje mwenendo wa kile kidogo bila kulazimika kukokotoa kila kinachokizunguka? Wengi wakisikia swali hili hudhani ugumu uko kwenye ukubwa wa mazingira. Mimi naona ugumu uko kwenye kumbukumbu yake. Hatua kubwa za miaka ya karibuni zimetokana na kugundua kwamba sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo haimrudii yeyote, hivyo inaweza kuachwa bila hasara.

Kwanza Mpemba mwenyewe, maana kisa chake husimuliwa nusu. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unachanganya sukari, unayaacha yapoe, kisha unayaingiza kwenye friza. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja aliingiza maziwa yasiyochemshwa. Mpemba naye, akiogopa kukosa nafasi, akaingiza ya kwake yakiwa bado moto. Baada ya kama saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena na akachekwa tena, mpaka Osborne alipokwenda kuzungumza shuleni hapo, akaulizwa swali lilelile mbele ya wanafunzi wote, na akaamua kulijaribu maabara badala ya kulicheka. Mpemba alisimulia pia kwamba watengenezaji wa aiskrimu wa Tanga walikuwa na desturi ya kuanza na mchanganyiko wa moto.

Nusu isiyosimuliwa ni kwamba hadi sasa wanasayansi hawajakubaliana iwapo maji ya moto kweli huganda kabla ya yale ya baridi. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya, wakachambua na vipimo vya wenzao, wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha. Kuweka kipimajoto juu au chini kidogo tu kwenye chombo kunatosha kubadili jibu. Kusema hivyo si kumvunjia heshima Mpemba. Aliona kitu, akakiuliza kwa uwazi, na swali lake limezaa fizikia ambayo imethibitishwa vizuri kuliko chanzo chake.

Ugumu wa kupima maji unaonekana Kwa Mathias, hapa Kibaha, kwenye friza lolote la duka lililo kando ya barabara ya Morogoro. Fungua mlango wa juu. Vifuko vya barafu za ubuyu na za maziwa vimepangwa vikigusana, vilivyoingia asubuhi chini, vilivyoingia sasa hivi juu. Kifuko cha moto kinayeyusha ukoko wa barafu kilipolala, kikashikana vizuri zaidi na ubaridi wa ukuta. Mvuke unapanda na kuondoka na joto. Kila mteja akija, mlango unafunguka na hewa ya nje inaingia. Umeme ukikatika, mashine inanyamaza kabisa. Halafu kuna kinachotuhusu zaidi: kifuko kipya kinampa jirani yake joto, jirani analipokea, na baada ya muda analirudisha. Joto lililotoka limerudi mlangoni. Mazingira yamekumbuka, na anayetaka kujua kifuko kitaganda saa ngapi hawezi kutazama joto la kifuko peke yake.

Kwenye kwanta hali ni hiyohiyo, ila gharama ya hesabu inapanda kwa kasi ya kutisha. Kubiti moja, yaani kitu chenye hali mbili za msingi, huelezwa kwa namba mbili. Kubiti 10 zinahitaji namba 1,024. Kubiti 30 zinahitaji namba zaidi ya bilioni moja, na kwa baiti 16 kwa kila namba hizo ni kama gigabaiti 17. Hapo tunazungumzia mfumo uliojitenga. Mfumo ulioguswa na mazingira hauna hali moja iliyo safi. Inabidi uandikwe kwa jedwali la safu na nguzo, na jedwali ni mraba wa hesabu ya kwanza. Kwa hiyo gigabaiti zilezile 17 zinatosha kubiti 15 tu. Ukitaka kuongeza na chembe za mazingira zenyewe ndani ya hesabu, hata kompyuta kubwa kuliko zote duniani haitakusogeza mbali, kwa sababu kila chembe unayoiongeza inaongeza kazi maradufu au zaidi.

Njia ya kutokea ilifunguliwa mwaka uleule wa 1963 Mpemba alipoingiza maziwa yake kwenye friza. Richard Feynman na Frank Vernon walionyesha kwamba huhitaji kujua kila chembe ya mazingira inafanya nini. Unachohitaji ni athari yake kwa mfumo wako, na athari hiyo yote inaweza kukusanywa kwenye fomula moja inayosema: kilichotokea kwenye mfumo wakati ule kinaathiri kinachotokea wakati huu kwa kiasi hiki. Kabla yao Sadao Nakajima, mwaka 1958, na Robert Zwanzig, mwaka 1960, walikuwa wamefika mahali panapofanana kwa njia nyingine. Wote walikuta kiini kimoja, kipengele kinachobeba historia. Na wote waliacha tatizo moja: fomula ni sahihi kabisa, lakini kuikokotoa kunaweza kuwa kugumu sawa na tatizo la mwanzo.

Basi kwa muda mrefu watu walikata historia. Mwaka 1976 Göran Lindblad kwa upande wake, na Vittorio Gorini, Andrzej Kossakowski na George Sudarshan kwa upande wao, walitoa umbo la jumla la mlinganyo wa mfumo ambao mazingira yake husahau papo hapo. Joto likitoka halirudi. Ni mlinganyo mzuri mno, na kwa atomu inayotoa mwanga kwenye anga tupu unafaa kwa usahihi wa hali ya juu. Mwaka 1992 Jean Dalibard, Yvan Castin na Klaus Mølmer waliupunguzia gharama: badala ya kubeba jedwali zima, unafuata hadithi nyingi za bahati nasibu, kila moja ikiwa na hali moja safi inayorukaruka, kisha unachukua wastani. Mraba ukaondoka.

Ndani ya mlinganyo huo ndimo Mpemba wa kwanta anapoonekana kwa urahisi zaidi, na hesabu yake inaweza kufanywa kwa kalamu na kikokotozi. Chukua kubiti moja inayopoteza nishati kwenye mazingira baridi kabisa. Ina vitu viwili vya kusahau. Cha kwanza ni uwezekano wa kuwa juu, ambao hupungua kwa kasi fulani. Cha pili ni mshikamano kati ya hali ya juu na ya chini, ambao hupungua kwa nusu ya kasi hiyo. Anza na kubiti A iliyo juu kabisa, na kubiti B iliyo karibu na chini, yenye uwezekano wa kuwa juu wa asilimia 10 lakini ikiwa na mshikamano kamili. Ukipima umbali wa kila moja kutoka kwenye utulivu, A inaanzia 1 na B inaanzia takribani 0.32. A iko mbali mara tatu. Lakini A haina mshikamano wowote, hivyo haina kile kinachochelewa kuisha. Uchukue muda ambao uwezekano wa kuwa juu hupungua hadi asilimia 37 uwe kipimo chako kimoja. Kwenye kipimo cha 2.4 hivi A inaipita B. Kwenye kipimo cha 5 A imebakiwa na umbali wa 0.007, na B bado ina 0.025, karibu mara nne.

Siri ni kwamba kila mfumo una kitu chake kinachochelewa kuliko vyote, na anayeanza bila kitu hicho hufika mapema hata kama alianzia mbali. Zhiyue Lu na Oren Raz walilieleza hili kwa mifumo isiyo ya kwanta mwaka 2017, na Carollo na wenzake wakalipeleka kwenye kwanta kwa kuonyesha namna ya kuigeuza hali ya mwanzo ili kitu kinachochelewa kiondoke. Mwaka 2024 taasisi ya Weizmann ilionyesha kinyume chake, mfumo baridi ukipata joto haraka kuliko ule wa vuguvugu, kwa ioni moja tu. Mwaka huohuo watafiti wa Innsbruck walitumia mnyororo wa ioni 12 kuonyesha jamaa yake wa karibu: sehemu ya mnyororo ikirudia ulinganifu wake haraka zaidi ikiwa mwanzoni ulivunjwa zaidi. Hapo ioni zilizobaki zilikuwa ndizo mazingira.

Lakini mazingira yanayosahau papo hapo ni machache. Kwenye yabisi na kwenye vitu hai, mitikisiko inayozunguka elektroni haiendi haraka sana kuliko elektroni yenyewe. Hapo kumbukumbu hairuhusu kukatwa.

Mfano bora ni jani. Kibaha kuna kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, kinachoshughulika na miwa, na katika kila jani la muwa mwanga unaponaswa na klorofili, nishati yake hupita kutoka molekuli moja hadi nyingine ndani ya sehemu za trilioni za sekunde, huku protini zinazozishika molekuli hizo zikitikisika kwa kasi inayokaribiana. Mwaka 2007 kundi la Graham Fleming kule Berkeley lilichapisha vipimo vya bakteria anayetumia mwanga, vilivyofanywa kwenye ubaridi wa nyuzi 77 za Kelvin, vikionyesha mawimbi yaliyodumu kuliko ilivyotarajiwa. Msisimko ukaenea dunia nzima: huenda uhai unatumia kwanta kupata njia fupi.

Kuthibitisha au kukanusha kulihitaji hesabu yenye kumbukumbu. Mwaka 2009 Akihito Ishizaki na Fleming walitumia mbinu ambayo Yoshitaka Tanimura na Ryogo Kubo walikuwa wameianza mwaka 1989. Kumbukumbu ya mazingira inavunjwavunjwa kuwa vipengele vinavyofifia, na kila kipengele kinapewa jedwali lake la msaada, lenye majedwali mengine chini yake, ngazi kwa ngazi. Haikisii mahali popote; ukishuka ngazi za kutosha jibu ni sahihi. Bei yake ni idadi ya majedwali. Molekuli saba, kila moja ikiwa na kipengele kimoja cha kumbukumbu, na ngazi nne, ni majedwali 330. Kila moja ikiwa na vipengele viwili, ni 3,060. Ngazi zikifika nane, ni 319,770, na ngazi nane si nyingi pale mazingira yanaposhika kwa nguvu.

Leo tunajua nini kuhusu jani? Mwaka 2020 kundi kubwa la wataalamu, Jianshu Cao akiwa mmoja wao, liliandika kwamba mawimbi yale ya muda mrefu yalitokana zaidi na mitikisiko ya molekuli, na kwamba mshikamano wa elektroni unakufa mapema mno kuweza kuisaidia nishati kusafiri. Wapo waliosikitika. Kwangu mimi huu ni ushindi wa hesabu nzuri, kwani bila vipimo vipya na uigaji wa kuaminika dai lile lingeendelea kurudiwa kwenye vitabu.

Njia nyingine ilianzia moja kwa moja kwa Feynman na Vernon. Nancy Makri na Dmitrii Makarov, katikati ya miaka ya 1990, waliona kwamba kumbukumbu ya mazingira kwa kawaida ina mwisho. Ukikata muda vipande vipande, inatosha kubeba historia ya vipande vichache vya mwisho. Kwa kubiti moja, historia ya vipande 10 ina njia 1,048,576. Inawezekana. Historia ya vipande 20 ina njia zaidi ya trilioni moja. Haiwezekani. Mbinu ilikwama hapo kwa zaidi ya miaka 20.

Mwaka 2018 Aidan Strathearn, Peter Kirton, Dainius Kilda, Jonathan Keeling na Brendon Lovett, wa St Andrews, waliikwamua. Walichukua wazo ambalo Steven White alilitoa mwaka 1992 kwa ajili ya minyororo ya chembe: orodha ndefu mno ya namba mara nyingi ina marudio mengi ndani yake, na inaweza kuandikwa kama mnyororo wa vijedwali vidogo, ukibakiza tu vile vyenye uzito. White aliutandaza mnyororo kwenye nafasi. Wao wakautandaza kwenye wakati. Kila kiungo ni kipande cha historia. Baada ya kila hatua unapima ni kiasi gani cha habari kinaunganisha jana na leo, unatupa kilicho chini ya kiwango ulichojiwekea, unaendelea. Njia trilioni zikageuka kuwa namba zinazoingia kwenye kompyuta mpakato, na historia ya mamia ya vipande ikawezekana.

Mwaka 2022 Moritz Cygorek na wenzake walikwenda mbali zaidi. Mbinu ya awali ilitaka mazingira ya aina maalumu, yanayotikisika kama springi za kawaida. Wao wakaonyesha kwamba mazingira ya aina yoyote yanaweza kujengwa kipande baada ya kipande, yakibanwa kila yanapoongezwa, na kompyuta yenyewe ndiyo inayoamua kipi kibaki. Hili ndilo linalonivutia kuliko yote katika uwanja huu. Mtu haambiwi tena akisie mapema ni sehemu gani ya mazingira yenye maana. Hesabu inamwonyesha, na karibu kila mara inamwonyesha kwamba yenye maana ni ndogo sana. Hata hivyo si kila mara: pale mfumo na mazingira vinaposhikana kwa nguvu na kwa muda mrefu, vijedwali vinavimba tena, na hakuna mbinu iliyoliondoa tatizo hilo.

Afrika iko wapi? Karibu kuliko tunavyodhani. Kitabu kinachotumiwa na karibu kila anayeanza, kile cha mwaka 2002 cha Heinz-Peter Breuer na Francesco Petruccione, kina mwandishi aliyejenga kundi lake Durban. Kule Maseno, Kenya, Joseph Akeyo Omolo ameandika kwa miaka mingi kuhusu atomu na mwanga unaoshirikiana nayo. Shule ya Afrika ya ukokotoaji wa elektroni katika mata, ASESMA, ilikaa Eldoret mwaka 2012, na tangu 2018 Kigali ina taasisi ya utafiti wa msingi, EAIFR, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda kwa ushirikiano na kituo cha ICTP cha Trieste. Kazi nyingi za huko ni za elektroni zilizotulia ndani ya mata, ambazo ni jirani wa somo letu. Wanaohitaji mashine kubwa wamekuwa wakitumia ile iitwayo Lengau, ya Cape Town.

Siamini kwamba kinachotukwamisha ni mashine. Programu za QuTiP na OQuPy zinapakuliwa bure, na hesabu ya kubiti A na B hapo juu inaingia kwenye kompyuta ya kawaida ya sekondari, hata zile za Kibaha Sekondari. Tunachokosa ni watu wa kukaa miaka mitano, kumi, na swali moja, pamoja na walimu wasiomcheka anayeuliza. Mpemba alikosa hao wa pili mara mbili kabla ya Osborne.

Na kazi ipo. David Strachan, Archak Purkayastha na Stephen Clark wameuliza swali la Mpemba kwa mazingira yanayokumbuka, wakitumia nukta za kwanta, yaani zile chembe ndogo za semikondakta, zilizounganishwa na hifadhi za elektroni, kwa mshiko dhaifu, wa kati na wa nguvu. Walikuta kwamba mfumo ukianzishwa palepale kwenye hali yake ya utulivu unaweza kuiacha hali hiyo na kuchukua muda mrefu kuirudia, kwa kuwa mazingira bado hayajazoeana nao. Na walikuta kwamba kunaweza kuwepo hali nyingine ya mwanzo inayofika kwenye utulivu ndani ya muda wa kumbukumbu wenyewe, haraka kuliko njia nyingine yoyote. Mlinganyo wa 1976 usingeweza kamwe kuwaonyesha hilo, maana ndani yake mfumo ulioanzia kwenye utulivu haubanduki.